Jinsi ya Kupanga Mfuatano wa Nyimbo Kwenye Albamu

Miksi (nyimbo ambazo sauti zake zimeshachanganywa na kusawazishwa) zimekamilika, jalada limeshachorwa, na sasa umebaki na rundo la nyimbo zisizo na namba. Hapo ndipo maswali yanapoanza, na karibu kila anayetoa albamu ya kwanza huja na yaleyale. Wimbo mkali uwe wa kwanza? Za taratibu nizitawanye au nizikusanye? Singo (wimbo uliotolewa peke yake) ambayo watu tayari wanaijua niiweke wapi? Kati ya wimbo na wimbo niache sekunde ngapi? Mwongozo huu unakupa utaratibu wa kazi, kuanzia hilo rundo hadi orodha unayoweza kumkabidhi injinia wa mastaringi (anayesawazisha sauti ya albamu nzima kwa mara ya mwisho) bila wasiwasi.

Jambo moja lishike tangu sasa. Wengi hupanga nyimbo kwa kuzipa daraja: kali juu, dhaifu chini. Mimi nakushauri upange kwa maungio, yaani pale wimbo mmoja unapoishia na mwingine unapoingia. Wimbo uleule unaweza kung'aa ukija baada ya huu na kufifia ukija baada ya ule, na tofauti hiyo husikika ndani ya sekunde chache. Ukiyapata maungio, orodha karibu inajipanga yenyewe.

Utasikia pia kwamba kazi hii haina faida tena kwa kuwa watu wanasikiliza nyimbo mojamoja. Ni kweli wapo wanaosikiliza hivyo, na mpangilio mzuri hauwapunguzii chochote. Lakini wapo wanaobonyeza wimbo namba moja na kuiacha albamu iende. Novemba 2021, baada ya ombi la mwimbaji Adele, Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, iliacha kuweka uchezaji wa kuchanganya kama chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu. Msikilizaji anayetaka nyimbo zije kama zilivyopangwa yupo, na huyo ndiye tunayemfanyia kazi hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Miksi za mwisho, au zinazokaribia mwisho. Usipange kwa demo, yaani rekodi ya majaribio. Demo ina kasi yake, sauti yake na intro ambayo pengine haitakuwepo, kwa hiyo maungio utakayoyasikia siyo yatakayotoka.
- Faili za WAV au FLAC, yaani za sauti isiyopunguzwa ubora. MP3 huongezewa ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kubanwa, na huo unatosha kukuharibia hukumu ya nafasi kati ya nyimbo.
- Programu yoyote ya kuhariri sauti. Ile uliyorekodia inatosha.
- Kadi ndogo, moja kwa kila wimbo, na kalamu. Najua simu ina orodha. Chukua kadi hata hivyo. Utazihamisha mara nyingi mno, na kuziona zote mezani kwa pamoja kunasaidia kuliko kuteremsha kioo.
- Maneno ya nyimbo zote yakiwa yameandikwa.
- Watu wawili au watatu ambao hawakuwepo studio.
- Siku kadhaa zenye mapumziko katikati. Sikio lililochoka linapenda kila kitu au linachukia kila kitu.

Hatua ya 1: Jaza kadi

Kwenye kila kadi andika jina la wimbo, urefu wake kwa dakika na sekunde, kasi (BPM, yaani mapigo kwa dakika), kii (ngazi ya noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), mada kwa maneno matatu au manne, na nguvu kwa kipimo cha 1 hadi 5. Kisha ongeza mistari miwili ambayo wengi huisahau nayo ndiyo muhimu kuliko yote: *unaanzaje* na *unaishaje*. Usiandike "vizuri". Andika kinachosikika: "pigo moja la ngoma, mwimbaji anaingia papo hapo", "kinanda peke yake kwa sekunde 12", "unafifia kwenye kiitikio", "unakatika ghafla", "kodi moja ya gitaa inayokufa polepole" (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja).

*Angalia:* nguvu na kasi ni vitu viwili. Wimbo wa mapigo 66 ambao mwimbaji anapasua koo una nguvu 5. Wimbo wa mapigo 120 wenye ngoma laini na sauti ya kunong'ona unaweza kuwa 2. Ukichanganya hivi viwili, kila uamuzi unaofuata utakuwa umekaa upande.

Hatua ya 2: Toa zisizokaa

Kabla ya kupanga, punguza. Tandaza kadi zote na utafute pacha: nyimbo mbili zenye mada ileile, kasi ileile na mwendo uleule. Mara nyingi mmoja wao ni jaribio la kwanza la wazo ambalo mwingine amelitimiza. Bakiza aliyelitimiza. Wimbo unaoutoa haujafa. Unaweza kutoka kama singo baadaye.

Hili linauma, hasa kama umelipia studio kwa ajili ya kila wimbo. Lakini wasiwasi wa "niuweke wapi huu?" mara nyingi ni dalili kwamba haukupaswa kuwepo.

Hatua ya 3: Jua albamu itasikilizwa kwa chombo gani

Kama inatoka mtandaoni tu, hatua hii ni fupi. Huna kikomo cha urefu cha kukuumiza kichwa, na albamu ni mstari mmoja usiogawanyika. Zingatia tu kwamba Spotify huhesabu usikilizaji mtu akifika sekunde 30. Kipande cha utangulizi cha sekunde 20 kikisimama peke yake kama wimbo namba moja hakitahesabiwa, na anayeonja kabla ya kuamua atakuwa ameonja maneno matupu. Ukiwa na utangulizi mfupi, uunganishe na wimbo unaoufuata uwe faili moja.

CD ya kawaida ilibuniwa kubeba dakika 74, na baadaye zikaja za dakika 80. Kanda huwa na pande mbili zilizo sawa: ile ya dakika 60 ina 30 kila upande, ya 90 ina 45. Pande zikipishana sana kwa urefu, upande mfupi utaishia na utepe mtupu, na msikilizaji atakaa akisubiri kisichokuja.

Santuri ndiyo yenye masharti mazito, na kwa kuwa wasanii wengi wamerudi kuzitoa, nitaifafanua kidogo. Santuri ya inchi 12 ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ambayo kampuni ya rekodi ya Columbia iliileta sokoni mwaka 1948, inabeba vizuri dakika 18 hadi 22 kwa upande. Ukizidisha, mifereji lazima ibanane, na hapo sauti inashuka na besi inapunguzwa. Jambo la pili ni umbali. Kila mzunguko unachukua muda uleule, sekunde 1.8, lakini pembezoni mwa santuri sindano inasafiri karibu sentimita 90 kwa mzunguko, na karibu na katikati inabaki na sentimita 40 hivi. Sauti ileile inalazimika kuchorwa katika nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana sauti kali za juu, kama matoazi na herufi "s" za mwimbaji, huanza kukwaruza mwishoni mwa upande.

Kwa hiyo, kama unatoa santuri, nyimbo za kelele zianze pande na za utulivu zimalizie. Na kumbuka una mianzo miwili na miisho miwili: mtu atainuka, atageuza, atakaa tena. Wimbo wa kwanza wa upande B unahitaji kumkaribisha upya.

*Angalia:* kama albamu itatoka kwa santuri na mtandaoni pia, anza kupanga kwa masharti ya santuri. Mpangilio wa pande mbili husikika vizuri mtandaoni. Kinyume chake mara nyingi hakiwezekani.

Hatua ya 4: Simika wa kwanza na wa mwisho

Usianze kupanga kutoka namba moja kuteremka. Simika ncha mbili kwanza.

*Wa kwanza.* Kazi yake ni kumwambia msikilizaji yuko wapi: sauti hii ni ya nani, ala gani zinatawala, mwendo ni upi. Siyo lazima uwe wimbo wako bora. Ukianza na ule bora kuliko zote kwa mbali, wimbo wa pili utasikika kama mteremko, na msikilizaji ataanza kuilinganisha albamu na dakika zake nne za kwanza. Natafuta wimbo mzuri wenye mwanzo ulio wazi, ambao ukimchezea mtu asiyekujua kwa sekunde 40 anaweza kukuelezea albamu ilivyo. Kama una nyimbo tisa za bendi na mmoja wa kinanda pekee, ule wa kinanda usiwe wa kwanza hata kama unaupenda. Utamwahidi mtu albamu ambayo hukuitengeneza.

*Wa mwisho.* Hapa kuna jaribio rahisi. Cheza wimbo unaoufikiria hadi mwisho, kisha papo hapo cheza wimbo mwingine wowote wa albamu. Ukijisikia umekatizwa, huyo anafaa kumaliza. Ukijisikia sawa tu, ni wimbo wa katikati. Wa mwisho siyo lazima uwe wa taratibu wala wa huzuni, ingawa watu wengi hukimbilia huko. Kinachohitajika ni kwamba baada yake pasiwe na hamu ya jibu.

*Singo.* Kwa kawaida hukaa vizuri namba 2, 3 au 4. Mtu aliyekuja kwa ajili yake ataipata mapema, lakini atakuwa ameshapita mlango wako. Kuificha namba 9 ili watu "wasikilize zote" ni kuwaadhibu, na wengi wataruka moja kwa moja kuifuata.

Hatua ya 5: Jaribu maungio, jozi kwa jozi

Hiki ndicho kiini cha kazi, na ndipo wengi wanapokimbilia kubahatisha. Nyimbo 10 zinaweza kupangwa kwa njia 3,628,800. Hata ukishasimika wa kwanza na wa mwisho, nane zilizobaki zina njia 40,320. Hakuna anayeweza kuzisikiliza. Lakini jozi ni chache: ukiwa na ncha zimesimikwa, jozi zote zinazowezekana ni 72. Ukichukua sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja na sekunde 20 za mwanzo za mwingine, jozi zote 72 zinachukua dakika 48. Kazi inayoonekana haina mwisho inakuwa kazi ya alasiri moja.

Fanya hivi. Kwenye programu yako, kata kila wimbo vipande viwili: mkia wa sekunde 20 na kichwa cha sekunde 20. Weka mkia, acha sekunde mbili, weka kichwa. Sikiliza mara moja. Toa alama: tiki kama limekaa, msalaba kama limegoma, alama ya kuuliza kama huna hakika. Usijadiliane na nafsi yako. Hukumu ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na ya msikilizaji.

Nikupe mfano wa karibu. Tuseme wimbo wako wa mapigo 92 unaishia na gitaa peke yake likishikilia kodi ya A maina. Una wagombea wawili wa kuufuata. Mgombea wa kwanza yuko C meja, mapigo 95, naye anaanza na gitaa. Kwenye karatasi wanaelewana kabisa, maana A maina na C meja zinatumia noti zilezile. Ukiwacheza, unasikia kasoro mara moja: sikio linadhani ni wimbo uleule umeendelea, ila mpigaji ameharakisha bila kukusudia. Tofauti ya mapigo matatu ni ndogo mno kuwa mabadiliko na kubwa mno kuwa sawa.

Mgombea wa pili yuko E maina, mapigo 124, na anaanza kwa pigo moja la ngoma na sauti ya mwimbaji juu yake. Kii yake inatofautiana na A maina kwa noti moja tu, F iliyopanda ikawa F-shapu, kwa hiyo masikio hayashtuki. Lakini kasi ni nyingine kabisa, na ngoma inafika pale ambapo gitaa lilikuwa limekwisha kuacha uwazi. Hapo msikilizaji anainua kichwa. Weka tiki.

Kutokana na jozi nyingi za namna hiyo, haya ndiyo ninayoyaangalia:

- *Kasi.* Ziwe sawa kabisa au zitofautiane waziwazi. Tofauti ya mapigo 2 hadi 6 ndiyo hatari. Nyimbo ambazo moja ni mara mbili ya nyingine, kama 70 na 140, hupokezana kwa urahisi.
- *Kii.* Nyimbo mbili za kii moja zikifuatana hakuna ubaya. Tatu huanza kuchosha, hata kwa mtu asiyejua kii ni nini. Atasema tu kwamba "zinafanana". Kupanda nusu toni huleta msisimko. Kushuka nusu toni husikika kama kitu kimelegea, jambo ambalo wakati mwingine ndilo unalolitaka.
- *Ala ya kwanza.* Mkia wa kinanda na kichwa cha kinanda vinagongana. Badilisha rangi ya sauti.
- *Mwimbaji.* Kama kuna waimbaji wawili au kolabo, sikiliza sauti inayoondoka na inayoingia.
- *Namna ya kuisha.* Nyimbo mbili mfululizo zinazofifia huifanya albamu isikike kama redio inayozimwa. Baada ya mfifio, tafuta mwanzo wenye ncha.

*Angalia:* usisikilize nyimbo nzima katika hatua hii. Ukifika kwenye kiitikio unachokipenda, utausamehe muungano mbaya.

Hatua ya 6: Unganisha jozi ziwe minyororo

Chukua kadi zenye tiki na uziunganishe. Utapata vikundi vya nyimbo mbili, tatu, pengine nne ambazo hazitaki kuachana. Waheshimu. Kisha panga vikundi kati ya zile ncha mbili, na uchore namba za nguvu kwenye karatasi, kwa mfano 3-4-5-3-2-4-4-5-2-3. Tazama umbo la mstari.

Mstari unaopanda na kushuka kila wimbo, 5-1-5-1-5-1, unachosha haraka kuliko watu wanavyodhani. Msikilizaji hapati muda wa kuzoea hali yoyote. Bora nyimbo mbili au tatu za hali moja, kisha mgeuko. Mgeuko unakuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na kitu cha kugeukia.

Sehemu inayolegea karibu kila mara ni katikati, namba 5 hadi 7 kwenye albamu ya nyimbo 10. Hapo ndipo watu hutupia nyimbo wasizojua pa kuziweka, na hapo ndipo msikilizaji huondoka. Weka hapo kitu ambacho hakipo kwingine kwenye albamu: mwimbaji mgeni, wimbo usio na ngoma, mdundo wa aina nyingine.

Hatua ya 7: Soma maneno kwa mfuatano

Zima muziki. Chukua maneno ya nyimbo na uyasome kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kama ulivyopanga. Utashangaa unachokutana nacho: nyimbo mbili mfululizo zinazoanza na neno moja, mtu anayeomba msamaha kabla ya kukosa, mpenzi aliyeachwa wimbo wa tatu anayeonekana kwa mara ya kwanza wimbo wa saba.

Albamu yako pengine haina hadithi moja, na hailazimiki kuwa nayo. Lakini mfuatano hutengeneza hadithi hata usipoukusudia, kwa sababu msikilizaji huunganisha. Rapa Kendrick Lamar alilionyesha hili waziwazi: albamu yake DAMN. ilitoka Aprili 2017, na Desemba mwaka huohuo ikatolewa tena nyimbo zilezile zikiwa zimegeuzwa mfuatano, ya mwisho ikawa ya kwanza. Nyimbo hazikubadilika, safari ya mhusika ilibadilika.

Maneno yakigombana na maungio, mimi huyapa maneno kipaumbele pale tu ambapo hadithi inavunjika kabisa. Vinginevyo naacha sikio litawale.

Hatua ya 8: Pima ukimya

Sekunde mbili ni desturi iliyotokana na CD, na hakuna sheria inayokulazimisha kuifuata. Pima ukimya kwa mapigo ya wimbo unaoisha. Kwenye mapigo 90, pigo moja ni sekunde 0.67, kwa hiyo baa, yaani fungu la mapigo manne, ni sekunde 2.67. Mguu wa msikilizaji unaendelea kuhesabu hata baada ya sauti kukatika. Wimbo unaofuata ukiingia juu ya pigo la kwanza la baa, utasikika kama mwendelezo. Ukiingia nje ya hesabu, au baada ya ukimya mrefu hadi hesabu ipotee, utasikika kama mwanzo mpya. Chagua unachokitaka.

Baada ya wimbo mzito, ongeza muda. Sekunde nne au tano si nyingi kwa mtu aliyeguswa. Baada ya wimbo unaofifia, punguza, maana mkia wa mfifio wenyewe tayari ni ukimya. Na nyimbo mbili unazotaka ziungane bila pengo, ziunganishe kabla ya kuzikata kuwa faili mbili, ili makutano yawe sahihi.

*Angalia:* usiongeze ukimya mwanzoni mwa faili. Uweke mwishoni mwa wimbo uliotangulia. La sivyo, mtu atakayeuchagua wimbo huo peke yake atabonyeza na kusubiri.

Hatua ya 9: Sikiliza yote bila kugusa kitu

Tengeneza faili moja ndefu ya albamu nzima, maungio na ukimya vikiwa mahali pake. Ondoka kwenye spika za studio. Tembea, osha vyombo, kaa garini. Usisimamishe, usirudishe. Akili ikihama, kumbuka ni wimbo gani, basi.

Kisha wape wale watu wako wawili watatu. Usiwaulize "umeipenda?", kwa sababu watasema ndiyo. Waulize walichoka wapi, wimbo upi waliukuta wakiwa hawakuutegemea, na baada ya ipi walidhani albamu imeisha. Wawili wakitaja sehemu moja, rudi kwenye maungio ya sehemu hiyo. Akitaja mmoja tu, andika na usubiri. Acha siku ipite, usikilize tena.

Hatua ya 10: Funga kabla ya mastaringi

Zipe faili majina yenye namba mbele, 01, 02, 03, na umwandikie injinia orodha yenye ukimya wa kila muungano kwa sekunde. Ni muhimu aipate kabla hajaanza, kwa sababu anasawazisha kila wimbo akiangalia jirani zake. Ukibadilisha mfuatano baadaye, kazi hiyo inarudi nyuma.

Usimwombe afanye nyimbo zote ziwe na ukali mmoja wa sauti. Ule wa kinanda na mwimbaji unatakiwa uwe chini kidogo ya ule wa bendi nzima. Albamu ikichezwa kwa mfuatano, Spotify hurekebisha kiwango cha albamu kwa pamoja na kuacha tofauti kati ya nyimbo zako kama ulivyoziweka.

Mwisho linganisha mfuatano kwenye faili, kwenye taarifa unazompa msambazaji, na kwenye jalada. Msimbo wa ISRC (namba ya utambulisho wa kila rekodi) unakaa na rekodi yenyewe, kwa hiyo kubadilisha namba ya wimbo hakuuathiri. Lakini jalada likishachapishwa limechapishwa.

Mambo yakienda kombo

*Wimbo mmoja hauna tiki hata moja.* Mara nyingi tatizo ni kichwa au mkia, siyo wimbo. Jaribu kukata intro, au kuruhusu kodi ya mwisho iishe yenyewe badala ya kufifia. Ikishindikana, uachie kama singo.

*Nyimbo tatu zina kasi moja na kii moja.* Zitenganishe, moja katika kila theluthi ya albamu. Ukibakiwa na mbili karibu, weka kati yao wimbo usio na ngoma.

*Bendi imegawanyika.* Kila mmoja aandike kivyake wimbo wa kwanza, wa mwisho, na jozi tatu ambazo hataki zivunjwe. Mtakuta mnakubaliana kwa mengi kuliko mlivyodhani, na ugomvi utabaki kwenye nafasi mbili tatu. Hizo chezeni kwa sauti, msizijadili kwa maneno.

*Kolabo zote zimerundikana mwanzoni.* Hutokea kwa sababu ndizo zenye majina. Msikilizaji atasikia wageni kabla ya kukusikia wewe. Bakiza moja juu, nyingine zisukume katikati, kule kunakolegea.

*Upande A wa santuri ni dakika 24 na sekunde 10, upande B ni 17 na sekunde 30.* Unahitaji kuhamisha dakika tatu hivi. Usihamishe wimbo mmoja na kuvunja mnyororo, badilishana. Wimbo wa 6:20 upande A ukipokezana na wa 3:10 upande B, unapata 21:00 na 20:40. Tafuta jozi kama hiyo kwanza kati ya nyimbo zilizo pembezoni mwa minyororo.

*Nyimbo mbili zilizounganishwa zinatoa mlio mdogo makutanoni.* Zilikatwa mahali ambapo wimbi la sauti halikuwa kwenye sifuri, au faili zimegeuzwa kuwa MP3 kabla ya kupakiwa. Kata upya wimbi linapovuka sifuri na upeleke WAV. Kwa CD, mkato lazima pia uangukie kwenye fremu, ambayo ni 1/75 ya sekunde. Injinia ana programu ya kufanya hivyo.

*Umebadilisha mara nyingi mno na husikii tena chochote.* Acha kwa siku mbili au tatu. Ukirudi, usianze na mpangilio wa mwisho uliokuwa nao. Anza na karatasi ya tiki na misalaba ya hatua ya 5, kwa sababu hiyo uliijaza sikio likiwa bado zima.